Ukingo wa mto ni amana, hata msikiti hauna haki ya kuupora

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo na kuyatuliza ardhini. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Ama baad.

Ndugu msomaji, tumezoea katika safu kama hii kuzungumzia swala, funga, ndoa, mirathi na riba. Leo naomba tuzungumzie mto. Najua wapo watakaouliza mto una uhusiano gani na dini. Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu katika mtaa ninaoishi, ndani ya bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam, mto umeigawa jamaa ya msikiti mmoja pande mbili. Kila upande unadai kwamba unasimamia dini.

Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Sina elimu ya misitu wala ya uhandisi. Lakini suala hili lina upande wake wa fiqhi, na upande huo tukinyamaza sisi walimu, watu wataamua kwa matamanio.

Mto wenyewe na hali yake

Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu. Unateremka kupitia vitongoji vya Ilala, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Magomeni, unakatiza Jangwani, kisha unamwaga maji yake Bahari ya Hindi pale penye mikoko ya Salender. Wazee waliokulia bondeni wanasimulia kuoga na kuvua samaki humo. Leo mtoto akitumbukiza mguu, mama yake anamkimbiza bombani.

Kila anayeishi Dar es Salaam anakumbuka Desemba 2011. Mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo, mto ukafurika na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande mwaka 2012. Tangu hapo mafuriko yamerudi mara kwa mara, na barabara ya Jangwani imefungwa mara nyingi kiasi kwamba si habari tena. Tumeswalia majeneza, tumechangishana magodoro na unga, tumesoma dua, kisha tumerudi kutupa taka mle mle.

Nini kimeharibika? Wataalamu wanaeleza jambo ambalo hata mkulima asiyesoma analijua. Ukingo wa mto ukiwa na mimea yake, mizizi inashika udongo. Matete yanapunguza kasi ya maji, na tope linatulia kabla halijafika mbali. Mikuyu na mikindu inafunga kingo kama mishono inavyofunga nguo. Chini kabisa, mikoko inapokea yanayotoka bara na kuikinga nchi na mawimbi yanayotoka baharini. Ukiyang'oa yote hayo ukaweka bustani ya mchicha, ukachimba mchanga wa kufyatulia tofali, ukamwaga kifusi ili kiwanja kiongezeke, kingo zinaporomoka. Udongo unajaza mkondo, mto unakuwa mpana na wenye kina kifupi, na mvua ya kawaida inageuka gharika.

Na huo mchicha nao una habari yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulibaini madini mazito, yakiwemo risasi, katika mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Allah (s.w.) ametuamrisha tule vilivyo halali na vilivyo vizuri (2:168). Sisi tumekuwa mafundi wa kuuliza kama kuku amechinjwa kwa Bismillahi, jambo ambalo ni wajibu wetu kuuliza. Lakini hilo sharti la pili, la chakula kuwa kizuri na kisicho na madhara, nani anauliza?

Vijana na mikindu

Katika mtaa wetu lipo kundi la vijana, wa kiume na wa kike, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, ambao kwa kujitolea wamekuwa wakirudisha mimea ya asili kwenye kipande cha ukingo. Hawana mfadhili wala posho. Wengine ni madereva wa bodaboda, wengine ni wanafunzi, wengine wanauza chips. Walianza na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ule uliowekwa na Serikali mwaka 2016. Wakaona kwamba wanazoa taka leo na mvua ya kesho inaleta nyingine. Ndipo mzee mmoja mwenye asili ya Kisarawe akawaambia kwamba mto uliovuliwa nguo hausafishiki, kwanza uvikwe.

Wakaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakapewa baraka zake. Wakachukua vipandikizi vya matete kutoka sehemu za juu ambako bado yapo. Wakaotesha mbegu za mikuyu na mikindu kwenye makopo ya maji yaliyokatwa, wakapanda mwanzoni mwa vuli ili mizizi ipate kushika kabla ya masika. Mbuzi wakala baadhi, mafuriko madogo yakachukua mengine, wakapanda tena. Leo ukipita, kipande kile kina kivuli na ndege, na ukingo wake haukumeguka wakati wa kingo za jirani ulipomeguka.

Nimeulizwa na wanafunzi wangu kwa nini wasipande mikaratusi inayokua haraka, au mwarobaini ambao ni dawa. Vijana wale wana jibu lao: mkaratusi ni mgeni anayekunywa maji mengi na hakaribishi wengi. Mimi niliwapa wanafunzi jibu kutoka katika hadithi wanayoijua wote, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, basi hiyo ni sadaka kwake. Zingatieni, Mtume (s.a.w.) hakumtaja binadamu peke yake. Ametaja wageni watatu. Basi mwenye akili atapanda mti ambao wageni wa mahali pale wanaujua. Mkuyu unaliwa na ndege, popo, tumbili na watoto. Kila tunda linalodondoka ni sadaka inayoandikwa, hata kama aliyepanda amelala, hata kama amekufa.

Na mkindu je? Ndio uliowapa mama zetu na bibi zetu ukindu wa kusuka ukili na kushona mikeka na misala. Kabla ya mazulia ya plastiki kuingia misikitini kwetu, vipaji vya nyuso vya wazazi wetu vilisujudu juu ya majani ya mti huu wa majimajini. Anayeurudisha mtoni hafanyi jambo geni kwa Waislamu wa pwani.

Kiwanja cha sadaka

Sasa nije kwenye mgogoro wenyewe. Mwaka jana alijitokeza mtu anayedai kwamba ukingo ule, pamoja na ile sehemu iliyopandwa, ni kiwanja chake. Sitamtaja, na sina haja ya kumtaja. Alianza kwa kupigilia nguzo na kuzungusha mabati. Vijana walipopinga, akaja na maneno mengine: kwamba anataka kujenga nyumba za kupangisha, na robo ya eneo ataitoa sadaka, uongezwe msikiti ambao kwa kweli umekuwa mdogo. Siku ya Ijumaa watu wanaswalia nje juani.

Hapo ndipo jamaa ilipogawanyika. Mmoja katika wazee wa kamati, mtu ninayemheshimu kama baba yangu, aliniambia mbele ya watu, "Maalim, mja wa Allah anatoa kiwanja bure kwa ajili ya nyumba ya Mola wake, wewe unatuletea habari za majani?" Na kijana mmoja katika wale waliopanda akanivuta pembeni akasema, "Ustadh, kama dini ndiyo inasema ming'olewe, tutang'oa wenyewe kwa mikono yetu. Lakini tuambie inasema wapi."

Ndugu zangu, swali la kijana yule ni zito kuliko linavyoonekana. Amekuwa tayari kung'oa kazi yake ya miaka kwa ajili ya amri ya Allah, ila anaomba dalili. Ni haki yake kupewa, nami kwa kadiri ya elimu yangu ndogo nitaitoa hapa.

Harimu ya mto

Katika vitabu vyetu vya fiqhi, kwenye mlango unaohusu kuhuisha ardhi iliyokufa, wanazuoni wanazungumzia kitu kinachoitwa harimu. Kila chenye manufaa kwa umma, kama kisima, chemchemi, njia na mto, kina eneo linalokizunguka ambalo haliwezi kumilikiwa na mtu, kwa sababu bila eneo hilo manufaa yenyewe yanaharibika. Katika Sunan Ibn Majah imepokewa hadithi inayokipa kisima harimu ya dhiraa 40. Mto nao wanazuoni wameupa harimu yake kwa kadiri ya mahitaji: mahali pa kupita watu, mahali pa kuweka tope linalozolewa, na kila kinachohitajika ili mto uendelee kunufaisha.

Je, inaruhusiwa kujenga kwenye harimu ya mto? Imam Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Imam Shafi aliyefariki mwaka 974 Hijria, amelizungumzia hili katika Tuhfatul Muhtaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wanakitegemea mpaka leo. Anaeleza kwamba haifai kujenga humo, na kilichojengwa kinavunjwa, na anataja kwamba maimamu wa madhehebu yote manne wamekubaliana juu ya hilo. Analalamika kwamba watu wa zama zake wameingia sana katika balaa hilo, mpaka wanazuoni wakalitungia vitabu. Miongoni mwa waliotunga ni Imam Jalaluddin as-Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 911 Hijria. Yeye alishuhudia watu wakijenga kwenye kingo za Nile, akaandika risala nzima ya kuwakataza.

Na wako wanazuoni wa Kishafi waliokwenda mbali zaidi na kulitaja jambo hili kwa jina lake: kinavunjwa, hata kama ni msikiti.

Tuyarudie maneno hayo polepole, hata kama ni msikiti. Hawakusema hivyo kwa kuidharau nyumba ya Allah. Wamesema hivyo kwa kuwa nyumba ya Allah haijengwi juu ya haki ya waja wa Allah iliyochukuliwa bila ridhaa yao. Harimu ya Msimbazi si ya yule mwenye mabati, wala si ya vijana waliopanda, wala si ya kamati ya msikiti. Ni ya mama wa Kigogo ambaye maji yatamkuta kitandani usiku, na ya mtoto wa Jangwani ambaye bado hajazaliwa.

Ajabu ni kwamba sheria ya nchi inasema jambo linalofanana na hilo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wanadhani mita 60 ni maneno ya wazungu yaliyoletwa na wafadhili. Wangefungua vitabu vya babu zao wangekuta harimu imo humo kwa karne nyingi.

Sadaka ya kisicho chako

Jambo la pili ni masharti ya wakfu. Watoto wa madrasa wanajua kwamba anayeweka wakfu lazima awe anakimiliki anachokitoa. Asiyekuwa na kitu hawezi kukitoa, na aliyekipora hawezi kukisafisha kwa kugawa robo yake kwa msikiti. Tusijidanganye: robo ile si sadaka, ni ngao. Yule bwana anajua kwamba mabati yake peke yake yatang'olewa na mgambo. Akiweka mnara wa msikiti katikati, nani atathubutu kugusa? Na siku wakigusa, sisi tutatoka barabarani tukisema tunaonewa kwa kuwa ni Waislamu, na yeye atakuwa nyuma yetu anakusanya kodi.

Rejeeni sira. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina na kutaka kujenga msikiti wake, mahali pale palikuwa pa mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wakataka kumpa bure. Akakataa kupokea hivyo, mpaka akaununua kwa thamani yake. Ardhi ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) ilisafishwa haki ya yatima kabla halijawekwa tofali la kwanza. Sisi ni akina nani hata tuseme kwamba haki ya mayatima wa bondeni si kitu, maadamu tunapanua safu?

Na iko hadithi katika Bukhari na Muslim ambayo ingetosha kumnyima mtu usingizi: anayechukua kwa dhulma hata shubiri moja ya ardhi, atavishwa shingoni ardhi saba siku ya Kiyama. Shubiri moja. Je, robo ya kiwanja? Wanazuoni wamekhitilafiana hata juu ya kusihi kwa swala inayoswaliwa katika ardhi iliyoporwa. Walio wengi wanasema inasihi pamoja na dhambi, na wako katika Mahanbali waliosema haisihi. Hivi kweli tunataka kuwaswalisha watu mahali ambapo jambo jepesi kabisa tunaloweza kusema ni kwamba swala imesihi pamoja na dhambi?

Hoja zinazotolewa

Wapo wanaosema mafuriko ni kadari ya Allah, mti hauzuii kadari. Ni kweli hakuna linalotokea nje ya kadari. Lakini Umar bin al-Khattab (r.a.) alipokataa kuingia Sham kwa sababu ya tauni akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Kupanda matete ni kadari, na kuyang'oa nako ni kadari. Tutaulizwa tulichagua ipi kwa hiari yetu.

Wapo wanaosema mbona wengine wamejenga na hawakuguswa, mbona matajiri wana viwanda na maghala mtoni. Malalamiko hayo yana ukweli, na dhulma ya mwenye nguvu lazima isemwe. Lakini dhulma ya fulani haijawahi kuwa dalili ya kisheria. Siku ya hesabu kila nafsi itasimama na mzigo wake.

Wapo wanaosema Serikali ina mradi wake, tuwaachie wenyewe. Ni kweli, mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, na watu wengi wa maeneo ya chini wamelipwa fidia na nyumba zao zikavunjwa. Lakini mradi wa chini hautamsaidia mtu kama tope linaendelea kuteremka kutoka juu. Na Mtume (s.a.w.) hakusema sadaka ya mti ni ya Serikali. Imepokewa kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, basi akiweza aupande.

Na wapo wanaonung'unika kwamba katika kundi lile wamo wasiokuwa Waislamu. Mafuriko ya 2011 yalipiga hodi kwa nani akauliza dini yake? Allah (s.w.) ametuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu (5:2). Kumkinga jirani na gharika kama si wema, basi sijui wema ni upi.

Wa juu na wa chini

Iko hadithi ya Mtume (s.a.w.) katika Bukhari, iliyopokewa na Nu'man bin Bashir (r.a.), ambayo nikiisoma naona kama inaizungumzia Dar es Salaam. Ni mfano wa watu waliopanda jahazi moja, baadhi wakapata sehemu ya juu na baadhi sehemu ya chini. Wa chini walikuwa wakipita kwa wa juu kuteka maji. Wakaona watoboe tundu kwenye sehemu yao wenyewe, wasiwasumbue wa juu. Wakiachwa wafanye wanavyotaka, wote wanaangamia. Wakishikwa mikono, wote wanaokoka.

Mto nao ni jahazi. Tofauti ni kwamba kwetu sisi tundu linatobolewa na wa juu, na wa chini ndio wa kwanza kuzama. Mtu wa juu anachimba mchanga, wa chini anapoteza nyumba. Mtu wa juu anasubiri mvua inyeshe usiku ndipo anatapisha choo, wa chini asubuhi anapeleka mtoto hospitali kwa kipindupindu. Kila mtu anasema "ni kwangu." Tena kutapisha choo mtoni kunafanywa na watu wenye sijda usoni, na Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi iliyomo kwa Abu Daud, juu ya mambo matatu yanayoleta laana, la kwanza likiwa ni kujisaidia kwenye mahali pa maji. Ndugu yangu, utasomaje kunuti ya kumuomba Allah akuondolee balaa, na choo chako kimetoboa jahazi?

Wale vijana, Allah awalipe, wamekuja kushika mikono. Nasi tunataka kuwakata mikono hiyo.

Mfano wa Misali

Wako watakaosema mafundisho haya ni ya vitabuni, hayafanyi kazi. Basi watazame Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba. Wapemba wanasimulia kwamba Nabii Khidhr alipofika huko alitaka msala wa kuswalia, ulipokosekana akakifanya kisiwa chenyewe msala wake, kwa vile kimeelekea kibla. Kisiwa kile kilihifadhiwa rasmi mwaka 1998, na matumbawe yake yalikuwa yakiharibiwa na uvuvi mbaya, baruti zikiwemo. Katika miaka ile yalianzishwa mafunzo ya kuwaeleza wavuvi, kwa dalili za Qur'an na Sunna, kwamba bahari ni amana na kuiharibu ni dhambi. Lugha ya msikitini iliwafikia watu ambao sheria na vitisho havikuwa vimewagusa. Kama hilo liliwezekana kwa bahari ya Pemba, kwa mto wa Kariakoo na Magomeni lina ugumu gani?

Nini tufanye

Nawaomba masheikh na maimamu, hasa wa misikiti iliyo bondeni, watoe khutba juu ya harimu. Elimu hii ipo, imefunikwa tu vumbi.

Kamati za misikiti kabla ya kupokea kiwanja zidai hati, na zipime umbali wake kutoka mtoni. Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu inayosimamia maji ya mito yetu ipo, na serikali za mitaa zipo. Kuuliza si udhaifu wa imani.

Kila msikiti unamwaga maji ya udhu mara tano kwa siku. Maji yale yakielekezwa kwenye kitalu kidogo cha mikuyu na mikindu nyuma ya msikiti, watoto wa madrasa watapata somo la fiqhi na la kilimo kwa pamoja, na wale vijana watapata miche bila kuomba kwa mtu. Mikoko tusiiguse kwa shoka, na wanaotaka kuipanda waende kwanza Wakala wa Huduma za Misitu wapate maelekezo.

Na kuhusu msikiti wetu ulio mdogo, msimamo wangu ni huu, na nimeusema mbele ya kamati kabla ya kuuandika hapa: tusipokee. Tujenge ghorofa juu ya msikiti tulio nao, kwa mchango wa halali, hata kama utachukua miaka kumi. Swala juani kwenye ardhi safi ni bora kuliko swala chini ya feni juu ya haki ya jirani. Ile harimu iachwe kwa vijana waitunze, na sisi tutoke baada ya alfajiri tuwasaidie kumwagilia. Mzee wangu aliyeniuliza juu ya majani, namjibu kwa adabu zote: naam, ni majani, na kila jani katika hayo lina mwenyewe, nasi tutaulizwa.

Kamati haijaamua bado. Masika yanakaribia, mabati bado yamesimama, na miche ipo ndani yake. Namuomba Allah (s.w.) aziunganishe nyoyo zetu juu ya haki, awahifadhi ndugu zetu wa bondeni na gharika, awakubalie vijana wale sadaka yao kwa kila ndege anayetua, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaofanya ufisadi katika ardhi na huku wakidhani kwamba wanatengeneza. Amin.

Wabillahi tawfiq.